Chupa za plastiki na mbwa wa mitaani
Swali: Ndugu zangu, sisi vijana wa kujitolea hapa Tanga huokota chupa za plastiki ufukweni na kuziuza ili tuwahudumie mbwa wanaozurura, je, fedha hizo tuanze kununulia chakula au chanjo?

Jibu: Anzeni na chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linashauri angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili ugonjwa usisambae. Mwoneni kwanza daktari wa mifugo.

Jibu: Kabla ya kuuza, tenganisheni vifuniko na chupa, kwani ni plastiki za aina mbili. Wazo lenu la chupa kusaidia mbwa si geni: mjini Istanbul, Uturuki, mwaka 2014, iliwekwa mashine iliyotoa chakula cha mbwa kila chupa ilipotumbukizwa.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Tutaanza na chanjo, ingawa inaniuma kumpita mbwa mwenye njaa.