Mabondia wa zamani waliwezaje kupigana raundi 75?

Mkaazi wa Langoni, Lamu

Assalaam alaykum, wapenzi wa ndondi. Barazani kwetu kumezuka mjadala uliokosa mwamuzi. Mmoja wetu amesoma kwamba mwaka 1889, katika jimbo la Mississippi nchini Marekani, John L. Sullivan na Jake Kilrain walipigana raundi 75 bila glavu, tena katika joto la mwezi wa Julai. Wengine wamekataa katakata, kwa hoja kwamba hata bondia wa leo, mwenye daktari na mwalimu wake pembeni, huishiwa na pumzi kabla ya raundi ya 12. Je, habari hii ni ya kweli, na kama ni ya kweli, iliwezekanaje?

Mwalimu mstaafu, Malindi

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Habari ni ya kweli, ila raundi ya siku zile haikupimwa kwa saa. Kwa mujibu wa kanuni za London za mwaka 1838, zilizorekebishwa mwaka 1853, raundi ilikwisha pale mmoja wao alipoanguka, ama kwa konde ama kwa kubwagwa, kwa kuwa miereka ya kumshika mtu juu ya kiuno ilikuwa halali. Baada ya hapo walipewa sekunde 30 za kupumzika, kisha kila mmoja alipaswa kurudi katikati ya ulingo kwa miguu yake mwenyewe, na aliyeshindwa kurudi alihesabiwa kuwa ameshindwa pigano. Kwa hiyo raundi moja iliweza kumalizika kwa sekunde chache na nyingine ikachukua dakika kadhaa. Sullivan na Kilrain walipambana kwa zaidi ya saa mbili. Ukizigawa kwa raundi 75, kila raundi pamoja na mapumziko yake haifiki dakika mbili. Hata hivyo, kusimama juani muda wote huo si jambo dogo, na mimi nawaheshimu wote wawili.

Msomaji wa Shela

Naomba niongeze suala la glavu, kwa sababu wengi hudhani zililetwa ili kulinda kichwa. Mkono mtupu huvunjika upesi unapogonga fuvu, na ndiyo maana wapiganaji wa kale walichagua mahali pa kupiga na kulenga sana mwili. Kanuni za Queensberry za mwaka 1867, zilizoandikwa na John Graham Chambers, ziliweka glavu, raundi za dakika tatu, pumziko la dakika moja na sekunde kumi za kuinuka, na zikapiga marufuku miereka. Glavu iliulinda mkono, na mkono uliolindwa ukapata uhuru wa kukipiga kichwa mara nyingi zaidi. Hata ukomo wa raundi 12 mliouzoea ni wa karibuni: mapigano ya ubingwa wa dunia yalikuwa ya raundi 15, mpaka Duk Koo Kim wa Korea Kusini alipopigwa katika raundi ya 14 mjini Las Vegas mwaka 1982 na kufariki siku chache baadaye. Nasi Wakenya tuna jeraha letu. Robert Wangila, aliyetuletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, alifariki mwaka 1994 baada ya pigano huko huko Las Vegas, na alikuwa amevaa glavu.

Mkaazi wa Langoni, Lamu

Ahsanteni sana, sasa nimeelewa. Basi Sullivan tumwite bingwa wa dunia nzima?

Mwalimu mstaafu, Malindi

Hapo nitasita, ndugu yangu, kwa sababu Sullivan alikataa waziwazi kupigana na mabondia weusi, akiwemo Peter Jackson, ambaye wengi walimwona kuwa mpinzani wa kweli. Ubaguzi huo haukuwa na msingi wowote katika historia ya mchezo wenyewe. Bill Richmond, aliyezaliwa utumwani New York, alipata sifa kubwa katika ulingo wa Uingereza, kisha akamfunza Tom Molineaux, Mmarekani mweusi aliyekutana na bingwa Tom Cribb mwezi Desemba mwaka 1810. Molineaux alimfikisha Cribb ukingoni mwa kushindwa, na masimulizi ya wakati ule yanaeleza kwamba watazamaji waliuvamia ulingo wakati mtu wao alipozidiwa. Molineaux alishindwa siku ile, na akashindwa tena mwaka 1811. Ilibidi kusubiri hadi tarehe 26 Desemba 1908, mjini Sydney, ndipo Jack Johnson alipomshinda Tommy Burns na kuwa mtu mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu.