Je, tuna haki ya kuzikabidhi kampuni namba za simu za wenzetu bila kuwauliza?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, programu nyingi za mawasiliano, mara tu unapozipakua, huomba ruhusa ya kusoma majina na namba zote zilizomo katika simu yako, na wengi wetu huruhusu bila kusita, ilhali namba zile ni za watu wengine. Mwaka 2013 Facebook ilikiri kwamba hitilafu katika mitambo yake ilikuwa imefichua namba na barua pepe za watu wapatao milioni 6, na taarifa hizo zilikuwa zimeingizwa na marafiki na jamaa waliopakia orodha za simu zao. Naomba tujadili iwapo mtu anaweza kukubali kwa niaba ya mwenzake.

Mchangiaji wa kwanza

Mimi sioni kosa. Namba ya simu hutolewa ili mtu apatikane, na programu isipozilinganisha namba zangu na zake, sitajua ni nani ninayeweza kumwandikia humo. Isitoshe, tangu mwaka 2016 ujumbe wa WhatsApp husafiri ukiwa umefungwa, kiasi kwamba hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma. Linalonisikitisha ni kuwaona wanaolalamikia namba wakipakia picha za watoto wao tangu siku ya kuzaliwa.

Mchangiaji wa pili

Ndugu, hilo la watoto limeingiaje hapa? Mimi ni mama wa watoto wawili, na picha zao nimezipakia kwa miaka mingi kwa sababu bibi yao yuko mbali na hana njia nyingine ya kuwaona wakikua. Kunifananisha na kampuni inayokusanya taarifa za watu ili iuze matangazo ni kunivunjia heshima, na sikubali.

Mchangiaji wa kwanza

Dada, sikukutaja wewe, lakini kwa kuwa umelipokea neno langu, nitalifafanua. Bibi mmoja hutumiwa picha moja kwa moja. Haihitaji kuwekwa mahali ambapo watu mia tano wataiona. Picha ya mtoto akiwa na sare ya shule, ikiambatana na jina lake kamili na pongezi za siku ya kuzaliwa, humpa mtu asiyemjua jina, umri na mahali pa kumpata. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2024 inayowataka wazazi wailinde kwa pamoja haki ya mtoto juu ya picha yake, na wamshirikishe kulingana na umri na ukomavu wake. Wabunge wasingelishughulikia jambo hilo kama lingekuwa dogo.

Mwanzisha mada

Naomba turejee kwenye namba. Mwaka 2021 mamlaka ya Ireland ya kulinda taarifa binafsi iliitoza WhatsApp faini ya euro milioni 225, na miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni kutowaeleza vya kutosha hata watu wasioitumia programu hiyo jinsi namba zao zinavyoshughulikiwa. Hoja ya kwamba ujumbe umefungwa haiwasaidii watu hao, kwa sababu hawakutuma ujumbe wowote.

Mchangiaji wa tatu

Samahani, nitabaki kwenye picha, kwa maana mimi nilikuwa mtoto huyo. Sasa nina miaka 22, na mwajiri wangu wa kwanza aliniambia, kwa wema kabisa, kwamba ameona nilivyougua nikiwa na miaka saba. Mama yangu aliiweka picha ile akiomba dua za watu, na simlaumu kwa kuomba. Sheria ya Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2018 humpa mtu haki ya kuitaka kampuni ifute taarifa zilizokusanywa alipokuwa mtoto, lakini nakala zilizokwishahifadhiwa katika simu za watu hakuna anayejua ziko wapi.

Mchangiaji wa pili

Mwanangu, maneno yako yamenigusa kuliko yote yaliyosemwa hapa, na nakuomba usidhani kwamba mama yako alikuwa na lengo jingine zaidi ya kukuombea upone. Jioni hii nimekaa na mtoto wangu mkubwa tukazipitia picha zote, moja baada ya nyingine. Ameniomba niondoe nne, mojawapo ikiwa ile ambayo mimi niliipenda kuliko zote, na nimeziondoa mbele yake. Zilizobaki zitabaki, kwa kuwa ameziridhia mwenyewe. Yule mdogo ana miaka mitatu, hawezi bado kulijibu swali hilo, na kuhusu picha zake sijafikia uamuzi.