Seva yetu tuipe leseni gani: AGPL au BSD?

Mleta mada (Tudor):
Wadau, tumeandika programu ya seva ya wavuti, ile inayowapelekea watu kurasa za tovuti, sisi wanne, na toleo la kwanza li tayari. Kilichotukwamisha ni leseni. Wenzangu wanataka BSD, leseni huria yenye masharti machache, ile iliyo nayo nginx, seva nyingine ya wavuti. Mimi nataka AGPL, leseni huria yenye masharti makali zaidi.

BSD inamruhusu mtu achukue msimbo wetu (maandishi ya programu), auboreshe, awakodishie mahoteli ya Nyali na Diani, asiturudishie hata mstari mmoja. Mtasema basi GPL, dada yake AGPL inayomtaka anayeigawa programu atoe na msimbo wake, yatosha. Haitoshi! GPL humbana mtu anapowagawia wengine programu, na seva haigawiwi: inakaa kwa mwenyewe, mteja anapokea kurasa tu. Mwanya huo AGPL ya 2007 iliuziba katika kifungu cha 13. Ukiibadili programu na watu wakaitumia kupitia mtandao, uwape nafasi ya kupata msimbo wa hilo toleo lako. Usipobadili kitu, kifungu hicho hakikudai.

Mchangiaji (Likoni):
Yakhe, nani ataigusa? Google wenyewe wanaikataza AGPL kazini kwao. Wateja wangu ni mawakala wa forodha bandarini. Wakisikia habari ya kufungua msimbo, kazi sipati tena.

Mleta mada:
Hofu yao naielewa, ila kurasa zao na taarifa za mizigo si sehemu ya seva, leseni haizigusi. Penye utata ni moduli, yaani vipande vya nyongeza vinavyounganishwa ndani ya seva yenyewe. Hapo una haki. Lakini kifungu cha 7 cha AGPL kinaturuhusu kuongeza ruhusa maalumu, na mimi niko radhi tuiandike kwa ajili ya moduli.

Tazameni Redis, programu ya kuhifadhi data. Ilikuwa BSD hadi Machi 2024, ikaiacha ili kuwabana wanaoikodisha kwenye wingu, yaani kwenye seva zao kupitia mtandao. Wachangiaji wakatoka na toleo la mwisho la BSD, wakaliita Valkey. Mei 2025 Redis ikaongeza AGPL kati ya leseni zake. Laiti ingekuwa nayo tangu mwanzo!

Tukianza na AGPL, sisi wanne twaweza kuilegeza kesho tukikubaliana, maadamu hajaingia mwingine mwenye haki miliki yake. Tukianza na BSD, lililotoka limetoka, hatuwezi kumnyang'anya aliyelichukua.

Aliyewahi kuandika ruhusa kama hiyo ya moduli aweke maneno yake hapa, tuyapime kabla hatujalitoa toleo.