Boliti mbovu kwenye majabali yetu: zing'olewe sasa au zingoje mpya?

Mleta mada

Wadau wa Nakuru, Naivasha na Gilgil, nauliza hadharani kwa sababu kwenye magrupu ya WhatsApp tumekuwa tukizungukana tu. Kuna jabali huku kwetu ambalo vijana huwapandisha wageni kila wikendi. Silitaji jina. Nikilitaja, mjadala utahamia kwa nani alaumiwe, na isitoshe si hilo peke yake.

Juu kabisa, pale kamba inapopitishwa kabla mgeni hajaanza kupanda, kuna nanga mbili za kudumu, yaani vyuma vilivyokazwa mwambani vya kushikilia kamba. Moja ni boliti ya chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Zinki imeshakwisha, kutu imechuruzika mwambani kwa urefu wa kiganja, na nati yake unaizungusha kwa vidole. Ya pili ni msumari wa mwamba wa zamani, uliopigwa nyundo ndani ya ufa na watu ambao pengine sasa wana wajukuu. Zimeunganishwa kwa utepe wa nailoni uliokuwa mwekundu. Jua limeupausha, na ukiukunja unatoa unga. Pete hakuna. Kamba inapita moja kwa moja juu ya utepe.

Kwa asiyepanda: nailoni ikisuguana na nailoni huku mtu akishushwa hupata joto hadi kuyeyuka. Utepe huo unaweza kukatika mtu akiwa nusu ya njia, hata boliti zikiwa nzima kabisa. Pete mbili za chuma zingeondoa hatari hiyo, na wala hazihitaji kikao.

Msimamo wangu ni kwamba nanga za juu za namna hii zing'olewe sasa, kabla wageni wa Desemba hawajaingia, hata kama mpya hazijapatikana. Njia isiyo na nanga haimdanganyi mtu. Yenye nanga mbovu humwambia mgeni kwamba kuna aliyekagua, ilhali hakuna. Wenzangu wanaoongoza wageni wanasema huko ni kuwanyima watoto wao chakula. Haya, tujadiliane.

Mwongozaji wa Elsa

Mkuu, nakuheshimu, ila hapo kwa "zing'olewe sasa" umeongea kama mtu mwenye mshahara. Kijana wa Karagita analipwa kwa kichwa cha mteja. Hakuna mteja, hakuna unga.

Tuliyaona mwaka 2019. Mafuriko ya ghafla ya Septemba yaliua watu saba kwenye korongo la mbuga ya Hell's Gate, mmoja wao mwongozaji wetu, na korongo likafungwa. Sikatai, lilistahili kufungwa. Maji hayana mjadala, na mwaka 2012 yalikuwa yameshatuulia vijana wa kanisa palepale. Lakini waliofunga hawakulala njaa. Sisi ndio tulirudi kuomba kazi kwenye mashamba ya maua.

Halafu tuongee ukweli wa kazi. Mgeni wangu anapanda kwa kamba ya juu. Haanguki mita nyingi, akiteleza anakaa tu kwenye kamba. Uzito huo boliti yenye kutu bado inaubeba, nimeona kwa macho yangu. Utepe nakubali ni mbaya, huo nitaubadilisha mwenyewe. Na samahani, wewe si ndiye unakodisha kamba na helmeti? Tujue unazungumza kama nani.

Mleta mada

Ndiyo, nakodisha, na kila anayepanda anajua. Jabali likifungwa nami nakosa. Tuendelee.

Hesabu yako ya uzito ina tundu. Kwenye kamba ya juu nanga haibebi mgeni peke yake. Anayeshika kamba chini naye anavuta upande wa pili, kwa hiyo mzigo wa juu unakaribia mara mbili ya uzito wa mpandaji. Msuguano unapunguza kidogo, siyo sana. Kisha angalia pembe ya ule utepe. Ukiwa mfupi, nanga zikavutwa kwa upana wa nyuzi 120, kila moja inabeba mzigo wote kana kwamba mwenzake hayupo. Kwa nyuzi 60 kila moja hubeba asilimia 58 hivi. Ule wa kwetu umekazwa kama kamba ya kuanikia nguo, na anayeubadilisha kila mara hukata uleule urefu.

Boliti mpya inayokidhi kiwango cha Ulaya, EN 959, au kile cha UIAA, shirikisho la kimataifa la wapanda milima, namba 123, inatakiwa kuhimili kilonewtoni 25 ikivutwa kwa kushuka chini, yaani kama tani mbili na nusu. Yetu inahimili ngapi? Hakuna ajuaye. Inaweza kuwa tani moja, inaweza kuwa mtu mmoja mnene na rafiki yake.

Fundi wa Kaptembwo

Mimi sipandi majabali, nachomelea mageti. Lakini hili la chuma naliweza.

Kwanza, msidanganyike na kutu ya nje. Boliti ya kutanuka hushikilia ndani ya tundu, ambako unyevu huingia na hautoki upesi. Nje unaweza kuona kutu kidogo ukasema bado iko sawa, kumbe shina limeliwa likabaki jembamba kama kalamu. Na kinyume chake pia hutokea: nje inatisha, ndani nzima. Kuangalia kwa macho hakutoshi.

Pili, mchanganyiko. Nimeonyeshwa picha ya bamba la stenlesi lililofungwa kwenye boliti ya zinki. Mtu aliona bamba linang'aa akasema hii ni mpya. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu, ile dhaifu huliwa haraka zaidi, na hapo dhaifu ni boliti, ambayo ndiyo inayobeba. Bora ile iliyochakaa yote kwa pamoja kuliko hiyo iliyovalishwa suti.

Tatu, kuna mahali upepo ukivuma kutoka Olkaria unasikia harufu ya mayai viza. Hiyo ni haidrojeni salfaidi. Mitambo ya mvuke ilianza kule mwaka 1981, hata kabla mbuga haijatangazwa mwaka 1984, na mvuke wenyewe ulikuwa ukitoka ardhini tangu zama. Gesi hiyo ikikutana na unyevu hushambulia chuma. Kwa jabali lililo karibu, zinki ni kutupa pesa. Tumieni stenlesi ya daraja la 316 angalau, na boliti za kubandikwa kwa gundi ya epoksi, kwa sababu gundi inaziba tundu lisiingie maji. Mwamba wa volkano nao sehemu nyingine ni laini. Boliti fupi ya kutanuka inaweza kuupasua badala ya kuushika.

Na kabla hamjaniuliza: ndiyo, naweza kuwakatia bamba la kutundikia karabina, ile pingu ya chuma ya kupitishia kamba, kwa bei ya chai. Msiniombe. Chuma cha skrepu nikipata leo sijui jana kilikuwa chesi ya matatu au kitanda cha hospitali. Geti likivunjika mbwa anatoroka.

Mzee wa Kamba

Mnabishana ni boliti gani, mimi nauliza kwa nini boliti. Ukuta mkubwa wa Hell's Gate ulipandwa na watu waliobeba vifaa vya kubana kwenye nyufa. Unaweka, unapita, wa nyuma yako anavitoa, jabali linabaki lilivyokuwa. Misumari mnayoilalamikia iliachwa pale ambapo ufa haukuruhusu kitu kingine, na walioiacha hawakudhani siku moja itatundikiwa watu kumi kwa siku. Ng'oeni, msiweke kitu. Asiyejua kuweka vifaa vyake ajifunze au abaki chini. Na hizo drili zenu, kumbukeni kuna tumbusi wanaotaga kwenye kuta zile.

Mleta mada

Mzee, kwa wapandaji wazoefu nakuunga mkono, na kwa tumbusi pia. Msimu wa kutaga hakuna kutoboa karibu na viota, hilo tuliandike. Lakini mgeni wa siku moja hatajifunza kubana ufa kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana. Atapanda tu. Swali ni atapandia juu ya nini.

Mama Lanet

Samahani, mimi ni mzazi tu. Shule imeleta karatasi niisaini mtoto aende "kupanda mawe". Mzazi kama mimi nitajuaje kama kuna hizo kutu zenu? Hakuna aliyewahi kuniandikia kuhusu boliti, wameandika alete sandwichi na kofia.

Mleta mada

Mama, uliza aliyekagua nanga ni nani na lini. Uliza kama kamba inashikwa na nanga mbili zinazojitegemea, ili moja ikitoka nyingine ibaki. Na kofia iwe helmeti, ile ya jua haitoshi. Wakikujibu kwa hasira, usisaini.

Wakili Milimani

Nitasema machache, na wala huu si ushauri rasmi. Sheria ya Kenya ya wajibu wa wasimamizi wa maeneo, Sura ya 34, inamtaka anayelisimamia eneo achukue uangalifu unaofaa ili mgeni awe salama kwa shughuli aliyoruhusiwa kuifanya. Karatasi ya kusaini kwamba "nakubali hatari" ina mipaka yake. Mtu hukubali hatari anayoijua, kwa mfano kuteleza. Nati inayozunguka kwa vidole hakuambiwa.

Na mleta mada ameshaandika haya yote hapa. Kuanzia leo hakuna kati yenu atakayesimama akasema hakujua. Pia msipande na drili kwa siri usiku. Jabali likiwa ndani ya mbuga, mwenye neno ni KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Likiwa nje, ni mwenye shamba au jamii. Pateni ruhusa ya maandishi.

Nyar Seme

Naongezea hapo kwa jamii. Huku Kisumu nimeshasikia vijana wakisema Kit Mikayi ingefaa kuwekwa boliti. Jamani, pale watu huja kufunga na kuomba. Hata ikiwa stenlesi ya mbinguni, hapana. Kabla ya kuuliza ni chuma gani, uliza kama panafaa kutobolewa kabisa.

Mwongozaji wa Elsa

Nyar Seme umenena, lakini turudi Nakuru, Desemba haingoji.

Nimesoma yote, na fundi amenitia baridi zaidi ya mleta mada. Nakubali hesabu ya watu wawili kwenye kamba. Sikuwa nimehesabu aliye chini. Lakini kufunga kila kitu bado nakataa. Njia tatu za upande wa kulia zina jiwe kubwa juu, la ukubwa wa gari. Unalizungushia kamba nene isiyonyumbuka, unaleta hadi ukingoni, unaweka zulia mahali inaposugua, na boliti huzihitaji. Hapo tufanye kazi. Njia za katikati hazina jiwe, kuna vichaka vya leleshwa tu, na leleshwa si mti wa kumfungia mtu. Nanga za hizo nakubali zing'olewe. Nitazipanda Jumatano na spana, atakayekuja aje.

Mleta mada

Nimekubali hilo la jiwe, ni bora kuliko pendekezo langu. Ila anayelifunga awe mtu mmoja anayejulikana, siyo kila kijana na fundo lake. Kwa njia za katikati tunahitaji nanga mpya nne, gundi, na drili ya kuazima. Napendekeza shilingi hamsini kwa kila mteja, waongozaji na mimi wa vifaa sote tukate.

Mwongozaji wa Elsa

Hamsini nitatoa. Lakini isipite mfukoni mwa mtu. Iwe paybill, na risiti za boliti zibandikwe mahali kila mtu anaona. Tuliwahi kuchangishana pesa za machela na hadi leo machela hatujaiona.

Mzee wa Kamba

Mimi sitoi hata kumi kwa ajili ya kutoboa. Kung'oa nitakuja bure, na nyundo yangu.

Mleta mada

Njoo, mzee, hiyo nyundo tunaihitaji. Anatafutwa mweka hazina. Asiwe mimi, na asiwe mwongozaji. Fundi, wewe unaweza?

Fundi wa Kaptembwo

Naweza, kwa sharti moja: hakuna boliti itakayonunuliwa bila mimi kuona imegongwa muhuri wa daraja la chuma na kiwango. Mkileta ya duka la vifaa vya ujenzi, hela sitoi.