Sakafu ya jiko ina mabonde, nataka kuweka marumaru: nianzie wapi? (Tabora)

Nyumba_Isevya
Wakuu habari zenu. Naomba ushauri wa mafundi. Jiko ni mita 3 kwa 4, nyumba ya zamani hapa Isevya, Tabora. Sakafu ni ya simenti, imepigwa niru nyekundu (tabaka jembamba la simenti la kulainisha uso) na kupakwa nta miaka mingi. Nimepima usawa kwa mpira wa maji (mpira mwembamba uliojazwa maji): upande wa sebuleni ndio juu kabisa, katikati pameshuka milimita 15, kona ya mlango wa nyuma imeshuka 25. Kuna ufa mwembamba unaoanzia chini ya dirisha. Marumaru nimeshanunua, 40 kwa 40. Fundi niliyempata anasema mabonde yatajazwa na gundi wakati wa kubandika. Ndugu yangu aliyeko Uingereza anasisitiza nitandike kwanza zile mbao za povu zenye ngozi ya saruji. Nimsikilize nani?

Fundi_Kitete
Mkuu, usimsikilize yeyote kati yao. Gundi ya marumaru hukaa vizuri ikiwa na unene wa milimita 3 hadi 6 hivi. Ukiirundika milimita 20 inanywea ikikauka, inavuta marumaru upande mmoja, na kwa ndani inabaki mbichi siku nyingi. Tena ni hasara: mfuko wa kilo 20 hufunika kama mita za mraba 4 kwa unene wa kawaida. Kwenye mabonde yako utamaliza mifuko mingi mno, wakati simenti na mchanga vingefanya kazi hiyo kwa bei ndogo.

Zile mbao za povu kazi yake ni kuzuia ubaridi wa sakafu, hasa wanakotandaza nyaya za joto chini ya marumaru. Hazinyooshi sakafu. Zikilazwa juu ya bonde zinaacha utupu, ukikanyaga zinacheza, na maungio yanapasuka. Hata huko Uingereza sakafu hunyooshwa kwanza.

Kwako adui wa kwanza ni ile nta. Mwaga maji kidogo sehemu kadhaa. Yakikaa juu bila kunywewa kwa dakika chache, hakuna kitakachoshika hapo. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, usugue kwa brashi ngumu na kusuuza, NDIPO utindue. Ukitindua kabla ya kuosha, mafuta ya jikoni yanazama kwenye mashimo mapya. Tindua kwa tindo na nyundo, shimo kila sentimita 3 hadi 5, lipite niru na kuingia kwenye simenti yenyewe. Wakati huohuo gonga sakafu nzima kwa mpini wa nyundo. Panapotoa mvumo wa utupu, niru imeachana na jamvi, yaani sakafu ngumu iliyo chini yake. Bandua pote hadi ufike palipo pagumu.

Mjenzi_Gungu
Nipo Kigoma, naongezea kuhusu ufa. Weka rula juu yake, kwa kuukata. Kama pande zote mbili ziko sawa, huo ni wa kukauka tu: upanue kwa tindo uwe na umbo la V, kina sentimita 2, toa vumbi, lowesha, jaza udongo wa simenti moja kwa mchanga tatu. Kama upande mmoja umeshuka, kifusi chini hakikushindiliwa na jamvi bado linakaa. Hapo vunja eneo hilo, shindilia kifusi, panga mawe na umwage zege upya. Usipofanya hivyo, marumaru zitapasuka kwa mstari uleule hata ukitumia gundi ya bei gani.

Nyumba_Isevya
Asanteni. Nimeweka rula, pande ziko sawa. Je, siwezi kujaza yale mabonde tu na kuacha sehemu ya juu ilivyo? Nahofia mlango.

Fundi_Kitete
Hapana. Kiraka kinachoishia na ukingo mwembamba wa milimita 2 au 3 hukauka kabla simenti haijashika, ukingo unageuka unga na kubanduka pamoja na marumaru. Anayetaka kiraka lazima achonge mpaka wake wima, kina cha milimita 15 angalau, na kwa jiko lako utachonga karibu nusu ya sakafu. Piga udongo (mchanganyiko wa simenti na mchanga) chumba kizima, sehemu nyembamba kabisa iwe milimita 20.

Lakini swali: jiko unalideki kwa maji ya kumwaga?

Nyumba_Isevya
Ndiyo, maji yanasukumwa kutokea mlango wa nyuma.

Fundi_Kitete
Basi usilipige kuwa bapa kabisa. Kona yako ya chini ipo palepale maji yanapotokea, itumie. Mteremko wa milimita 5 kwa kila mita unatosha. Kwa mita 4 ni milimita 20. Upande wa sebuleni udongo uwe milimita 20, kwenye kona ya nyuma 25, katikati nako kama 25. Mteremko unatengenezwa hapa, kwenye udongo. Anayeutafuta kwa gundi anarudi kulekule kwenye kurundika.

Vifaa: mifuko miwili na nusu ya simenti ya kilo 50, na ndoo 18 za lita 20 za mchanga, yaani moja kwa nne. Weka mfuko mmoja wa akiba kwa ajili ya uji wa simenti na ule ufa. Maji yawe kidogo: ukifinyanga konzi ya udongo ishikane bila kuchuruzika. Udongo wa majimaji hunywea na kupasuka.

Lowesha sakafu usiku wa kuamkia kazi, asubuhi ondoa maji yaliyotuama. Gandisha vipande vya marumaru iliyovunjika kila mita moja na nusu, kwa vipimo vya mpira wa maji, viwe alama za kuburuzia rula. Paka uji wa simenti kwa brashi, eneo utakalolifunika ndani ya robo saa tu. Ukishakauka na kuwa mweupe, ukwangue, maana unatenganisha badala ya kuunganisha. Mwaga udongo, shindilia kwa ubao, buruza rula, ng'oa vile vipande na ujaze mashimo yake. Maliza kwa ubao, usipige niru. Uso uwe na ukwaruzo.

Funika kwa nailoni na umwagilie siku 7. Jua na upepo wa Tabora kuanzia Juni hadi Septemba hunyonya maji haraka sana, na sakafu isiyonyweshwa hutoa vumbi ukiifagia. Kisha iache ikauke, wiki tatu ndipo ubandike.

Mjenzi_Gungu
Mchanga uangalie sana. Huku kwetu wengi huchota wa ziwani, chembe zake ni laini na zinalingana, unahitaji maji mengi na unapasuka. Kwako tafuta wa mtoni wenye chembe mchanganyiko. Upime: tia kwenye chupa yenye maji, tikisa, acha masaa matatu. Mchanga ukifika sentimita 10 na tope juu yake likazidi milimita 8, uoshe au ukatae.

Mama_Chemchem
Kaka, kabla hujabandika simama juu ya fundi wako. Wengi hubandika kwa mabonge matano, manne ya pembeni na moja katikati. Jikoni ni balaa, sufuria ikianguka penye utupu marumaru inakatika kona. Adai mwiko wa meno ya milimita 10, gundi ijae chini, na ya tatu au ya nne aing'oe uone mgongo wake umelowa wote. Kando ya kuta aache nafasi ya milimita 5, ifichwe na marumaru za ukutani. Na kinu cha kisamvu kitoke nje moja kwa moja.

Nyumba_Isevya
Nimeelewa dada. Mlango wa nyuma nikate kiasi gani?

Fundi_Kitete
Udongo 25, gundi 5, marumaru 8 au 9: karibu milimita 39, ongeza 5 za kupita. Toa 44 ukihesabu kutoka sakafu ya sasa, ukiondoa uwazi uliopo tayari chini ya mlango. Ukiwa wa chuma, mpigie mchomeleaji kabla hujanunua simenti.