Kuwafundisha wakunga wa Pemba kutambua na kuandika kasoro za kuzaliwa: nianze wapi?

Mkunga wa Wete

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nimepewa kazi ya kutayarisha mafunzo ya siku mbili kwa wakunga wa vituo vya afya, ili kila mtoto anayezaliwa na kasoro aandikwe ipasavyo. Nilipopitia rejista za zamani za kituo kimoja nilikuta maneno kama "mguu mbovu" na "kichwa si cha kawaida", bila ya maelezo zaidi, na kurasa nyingi ambazo safu hiyo ni tupu. Siamini kuwa watoto wote wale walikuwa wazima. Je, niwafundishe kwanza majina ya kitaalamu, au nianze na jambo jengine?

Mkunga mstaafu, Unguja

Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Majina yaache mwanzo. Fundisha jicho na mkono: mtoto avuliwe nguo zote, akaguliwe kuanzia utosini hadi vidole vya miguu, ageuzwe mgongo wote uonekane, na kaakaa litazamwe kwa tochi na kupapaswa kwa kidole chenye glavu, kwani kaakaa lililopasuka huku mdomo ni mzima hupita bila ya kuonekana, mpaka mama arudi akilalamika kuwa mtoto hanyonyi.

Kisha wafundishe kueleza. Aliyeandika "mgongo wazi" amesema kidogo. Aliyeandika "uvimbe kiunoni, katikati ya uti wa mgongo, upana sentimita 3, haukufunikwa na ngozi, unatoa maji" amempa daktari aliye mbali cha kuamulia. Mguu nao, ukisukumwa taratibu ukarudi mahali pake, huo ulikunjwa tu tumboni. Ukikataa, huenda ni mguu kifundo, yaani uliopinda tangu kuumbika kwake, na plasta zake ngumu za kuunyoosha hufaa zianze katika wiki za mwanzo. Picha husaidia mno, lakini ichukuliwe kwa ridhaa ya mzazi na isibaki katika simu ya mkunga.

Karani wa takwimu

Bi Mkubwa amesema kweli. Mimi naomba waliozaliwa wafu wasisahauliwe. Mtoto aliyekosa fuvu mara nyingi huzaliwa mfu au hufariki mapema, na akizikwa bila ya kuandikwa, kasoro za aina hiyo zitaonekana chache kuliko zilivyo. Idadi ya waliozaliwa wote nayo lazima ijulikane, kwa kuwa kiwango huhesabiwa kwa kila watoto 10,000 wanaozaliwa. Safu tupu haituambii kama mtoto alikaguliwa akaonekana mzima au hakukaguliwa kabisa, kwa hiyo wafundishwe kuandika "hakuna kasoro iliyoonekana".

Hesabu hizi zina kazi kubwa. Mfereji wa neva, ambao ndio huwa ubongo na uti wa mgongo, na usipofungika huleta mgongo wazi au kukosa fuvu, hufungika kufikia siku ya 28 baada ya mimba kutunga, wakati mama wengi hawajafika kliniki, na ndiyo maana vidonge vya asidi ya foliki, vitamini inayosaidia kuzuia kasoro hizo, mikrogramu 400 kwa siku, hutakiwa vianzwe kabla ya mimba. Atakayeomba vidonge hivyo viwafikie wanawake mapema ataulizwa takwimu.

Mama wa Chake Chake

Mimi si mtaalamu. Ni mama wa mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi. Siku ile, pale nilipojifungulia, waliandika, wakanong'onezana, wakamfunika mwanangu, na hakuna aliyeniambia kitu hadi jioni. Saa zote zile nilijiuliza nilikula nini, nilimkosea nani. Tafadhali tengeni muda wa kuwafundisha namna ya kumwambia mzazi: wampe mwanawe mikononi, wamuoneshe, wamueleze kuwa si kosa lake, na wamwambie siku hiyo hiyo wapi ampeleke. Mama aliyefichwa siku ya kwanza hatokubali kwa urahisi kuulizwa maswali ya rejista siku ya pili.

Mkunga wa Wete

Ahsante dada, na pole sana. Asubuhi ya siku ya pili nimeshaitoa kwa jambo hilo, na majina ya kitaalamu nimeyapeleka mwisho. Ukiwa tayari, ningependa uje uwaeleze mwenyewe.