Interferoni na matubwitubwi: kama mwili una hii kinga mbona mtoto bado anavimba?

Mama Nasra:
Habari zenu wapendwa. Mwanangu wa miaka 7 ana matubwitubwi, lilianza shavu la kushoto juzi na leo la kulia nalo limejaa, kumeza mate tu analia. Dokta kasema hakuna dawa ya kuua hiki kirusi, nimpe parasetamo na vinywaji vya kutosha mwili utapambana wenyewe. Nikaingia kusoma nikakutana na kitu kinaitwa interferoni, eti ni protini mwili unazitoa wenyewe kuzuia virusi. Sasa kama tunazo mbona kavimba hivi?? Ina maana kinga yake iko chini? Jirani kaniambia simlishi vizuri na hilo neno limenikaa rohoni tangu jana.

benchi_la_maabara:
Pole sana mama Nasra, na la jirani litoe rohoni kabisa, hata mtoto anayekula vizuri anapata matubwitubwi.

Iko hivi. Interferoni haiui kirusi. Ichukulie kama yowe la mwizi usiku, anayepiga yowe yeye keshavamiwa, wanaofunga milango ni majirani. Seli iliyoingiliwa ikishtuka kwamba ndani kuna RNA ya kigeni (yale maelekezo ya kirusi ya kujizalisha) inatoa interferoni, zile zinaenda kunasa kwenye vipokezi vya seli za pembeni, na hizo seli zinawasha mamia ya jeni za kujilinda. Kuna protini moja inaitwa PKR, ikikutana na RNA ya kirusi inasimamisha utengenezaji wa protini kwenye seli, kwaiyo kirusi kinaingia kinakuta kiwanda kimefungwa. Kuna nyingine kazi yake ni kufanya RNA ikatwekatwe. Waliogundua interferoni ni Alick Isaacs na Jean Lindenmann, London mwaka 1957, walichukua utando wa yai la kuku wakauweka na virusi vya mafua vilivyouliwa kwa joto, baadae wakaleta virusi vizima na ule utando ukagoma kuambukizwa.

Sasa kwanini mtoto anavimba. Kirusi cha matubwitubwi kina protini yake inaitwa V, na hii ndio inanishangaza kila nikiifikiria. Ndani ya seli kuna mjumbe anaitwa STAT1 anayebeba habari ya interferoni toka kwenye kipokezi mpaka kwenye kiini. V inamkamata huyo mjumbe na kumsukumia kwenye mtambo wa seli yenyewe wa kuteketeza protini chakavu, anamalizwa huko. Yowe linapigwa lakini seli iliyotekwa haisikii tena. Na bado V hiyo hiyo inaibana MDA5, mojawapo ya vitu vinavyonusa RNA ya kirusi mwanzoni kabisa, kwaiyo hata yowe lenyewe linatoka dogo. Kirusi kinapata muda, ndio maana toka mtoto aambukizwe mpaka avimbe zinapita kama siku 16 hadi 18 na wewe huna habari. Mwisho wa siku antibodi (protini za kinga zinazonasa kirusi) na seli T (askari wa kinga wanaoua seli zilizotekwa) ndio zinakuja kumaliza kazi.

Msafiri wa Pwani:
Mkuu hapo nimekupata vizuri. Ila mbona nasikia kuna sindano za interferoni, shemeji yangu alichomwa za homa ya ini B. Si na huyu mtoto achomwe tu?

benchi_la_maabara:
Kwenye homa ya ini B ni kweli zinatumika, lakini matubwitubwi sio tiba ya kawaida. Kumbuka kirusi kimeshakata waya ndani ya seli zilizotekwa, ukimwaga interferoni nyingi seli hizo bado haziisikii. Halafu sindano zenyewe zinaleta homa, baridi na mwili kuuma. Mtoto anapona bila hiyo, ya nini kumtesa.

Nesi Mstaafu:
Mama Nasra mwanangu, mpe uji mwepesi na supu ya uvuguvugu, usimpe limau wala ukwaju, uchachu unachokoza tezi za mate na maumivu yanazidi. Aspirini usimpe mtoto. Shule asiende mpaka zipite siku 5 toka uvimbe uanze. Akilalamika kichwa sana, shingo ikakaza, akatapika au akaanza kutosikia vizuri, hapo usisubiri asubuhi, mpeleke. Chanjo ya surua na rubela anayopata kliniki ya serikali haina matubwitubwi ndani, inayoyakinga ni ile ya MMR na mara nyingi ni ya kununua hospitali binafsi. Nyumbani kuna kijana aliyebalehe?

Mama Nasra:
Asante mama, asante kaka wa maabara, nimelia kidogo ila kwa kushukuru. Yupo kaka yake ana miaka 15, wanalala chumba kimoja.

Nesi Mstaafu:
Watenganishe leo hii, japo huenda keshaambukizwa maana mdogo anaanza kuambukiza kama siku 2 kabla ya kuvimba. Kwa waliobalehe kirusi kinaweza kushukia korodani. Mwambie wazi, asione aibu, akisikia korodani inauma au imevimba akuambie saa hiyo hiyo muende hospitali. Kuwa tasa kabisa ni nadra, usije ukamtisha kwa hilo.